Umeme Mdogo Nyumbani kwa Mama Pacha

Mama Pacha alishonea nguo za watu sebuleni kwake, na mlango wa chumba cha baba mkwe wake hakuufunga kamwe. Alitaka kuisikia mashine. Mapafu ya Mzee yalikuwa yamechoka, na tangu aruhusiwe kutoka hospitali alikuwa akipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, mpira mwembamba puani, mchana na usiku. Muuguzi alimwambia Mama Pacha bila kumung'unya maneno: mashine ikizimika, Mzee atastahimili kidogo tu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa njiani. Kwa hiyo Mzee, mashine na wanawe pacha wawili waliokuwa shuleni, wote walikuwa juu yake.

Ndipo umeme ukaanza visa. Taa inafifia hadi inakuwa ya manjano, feni inazunguka kwa uvivu, cherehani inagoma katikati ya mshono, halafu ghafla kila kitu kinarudi sawa. Akanunua stabilaiza, lile boksi la kuupandisha umeme unaposhuka, ikawa inagongagonga ndani na kujizima yenyewe. Umeme ukishuka sana, mashine ya Mzee inapiga king'ora, naye anatupa mkasi na kukimbilia chumbani roho mkononi.

Mbaya wake alikuwa anamjua. Nyuma ya ukuta palikuwa na karakana ya mchomeleaji mageti, mtaa mzima ukimwita Cheche. Mama Pacha aliamini kila anapochomelea, anaunyonya umeme wote.

Asubuhi moja king'ora kililia tena. Alimwinua Mzee, akamwegemeza kwenye mito, na mashine ilipotulia akajifunga kanga kiunoni na kutoka.

"Cheche! Unataka kuniulia mtu?"

Cheche aliinua kinyago chake cha kuchomelea. "Shemeji, kuna nini tena?"

"Mimi si shemeji yako leo! Umeme unaumaliza wewe, baba yangu mle ndani anatapatapa!"

"Mbona mimi nina laini yangu peke yangu, toka kwenye nguzo?"

"Zima!"

Aliyeagiza geti alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni, anasubiri. Cheche alimtazama, akamtazama Mama Pacha, akazima. "Haya. Nimezima. Twende kwako tukaone wote."

Walipoingia tu sebuleni, friji ikastuka na kuanza kunguruma. Taa ikafifia. King'ora kikalia.

Mama Pacha alitega sikio ukutani. Karakana ilikuwa kimya kabisa.

"Si mimi," Cheche alisema taratibu, kisha akainua pua. "Harufu gani hii?"

Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua. Waliifuata hadi kwenye swichi kubwa ya nyumba, juu ya mlango wa jikoni. Kifuniko kilikuwa kimegeuka kahawia, na pembeni uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda darini.

"Waya umelegea humu. Huu ndio unaokula umeme wako. Shemeji, zima kila kitu sasa hivi. Dari lote mbao hili!"

"Nikizima, Mzee je?"

"Nina waya mrefu wa karakana. Naupitisha juu ya ukuta. Lakini ukichelewa tutaungua wote."

Cheche alishatoka mbio. Mama Pacha alibaki peke yake chini ya swichi, moshi ukizidi. Akachukua mwiko wa mbao, asiiguse kwa mkono, akausukuma mpini wa swichi chini.

Nyumba nzima ikanyamaza. Hata ule mngurumo wa mashine aliouzoea haukuwepo tena, king'ora tu.

Alikimbilia chumbani. Mzee alikuwa ameketi, macho yamemtoka, kifua kinapanda na kushuka.

"Baba, twende nje. Nishike shingoni."

"Mashine..."

"Usiseme, Baba. Pumua tu."

Alimbeba nusu, akamkokota nusu, hadi uani, akamketisha kwenye kiti cha plastiki. Akarudi kuikokota mashine kwa magurudumu yake. Waya wa Cheche ulianguka kutoka juu ya ukuta, ukaishia hatua chache kabla ya kuwafikia. Midomo ya Mzee ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Haufiki!" alipiga kelele.

"Msogeze yeye!" Cheche alijibu toka ng'ambo ya ukuta.

Aliburuta kiti na Mzee juu yake, miguu ya plastiki ikikwaruza sementi, akaivuta na mashine, akachomeka. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikanguruma. Akamrudishia mpira puani na kupiga magoti mbele yake, akimtazama midomo tu. Ilichukua muda. Rangi ilirudi polepole, kwanza pembeni.

Mzee alipopata pumzi alisema, "Mwanangu, siku nyingine ukitaka kunitoa nikaote jua, niombe tu kistaarabu."

Mama Pacha alicheka na kulia kwa pamoja.

Fundi umeme alifika baadaye mchana. Alifungua ile swichi na kumwonyesha skrubu iliyolegea na waya ulioungua hadi ukawa mweusi. Kila mzigo ulipozidi, kama friji inapowaka, alieleza, umeme ulikuwa unapotelea hapo na kugeuka moto. Akafunga swichi mpya, akapima, taa zikawaka nyeupe.

Muda wote huo Cheche hakuchomelea kitu. Hakutaka umeme wa Mzee uyumbe. Mwenye geti alikwishaondoka akifoka. Mama Pacha alimrudishia waya wake, ameukunja vizuri.

"Nimekutukana mbele ya mteja wako."

"Umenitukana kweli," alisema Cheche, akivaa glavu zake. "Mzee amekula?"

"Amekula, na uji kamaliza."

"Basi niache nimalize geti la watu, shemeji."

Mama Pacha alirudi ndani, akasogeza cherehani karibu zaidi na mlango wa chumba, akakaa akiisikiliza mashine, na siku ile hakushona hata kipande kimoja.