Kikapu cha Utupa

Mwanangu, kosa ninalotaka kukuonya nalo ni hili: kuutazama mto pale tu uliposimama wewe, ukadhani unaishia miguuni pako. Sisi wa Goma twaishi juu ya mawe meusi, maji hutufikia ndani ya bidon, yale madumu ya plastiki. Ni rahisi kusahau kwamba yalipita kwa wengine.

Naikumbuka wiki ya ndoa ya dada yangu, nikiwa kijana. Tulikuwa kwa shangazi, kwenye milima iliyo juu ya Sake. Wageni walikuwa wanakaribia, na kitoweo hakikutosha. Nikachuma majani ya utupa, ambayo watu huyaponda na kuyamwaga majini ili samaki walewe na kuelea. Shangazi akanikuta kando ya kijito, kikapu kimejaa, jiwe la kupondea mkononi.

"Eh, bwana samaki! Unataka kuua wangapi?"

"Wa kutosha sahani tu, shangazi."

"Na wale wengine utawaambia nini? Acha kikapu hapa. Fuata maji mpaka yanapoingia mutoni, ndipo urudi uponde. Sitakuzuia."

Nilishuka nikinung'unika. Vyura walinyamaza nilipopita kwenye matete. Mdiria alipiga mbizi, akaibuka na kisamaki chembamba kuliko kidole changu. Kwenye kona, fisi-maji alikuwa akiwafundisha wanawe kuogelea, akiwasukuma kwa pua. Mmoja alikataa katakata, akampanda mamaye mgongoni. Nilicheka peke yangu. Chini zaidi, ndama walikuwa wanakunywa. Na pale kijito kinapoungana na mto mkubwa nilimwona dada yangu, bibi arusi mwenyewe, amepiga magoti, anakunywa maji kwa viganja.

"Mbona jasho hivyo?" aliuliza. "Nyuki wamekufukuza?"

Niligeuka, nikapanda mlima mbio.

Niliporudi, kikapu kilikuwa palepale. Shangazi alikuwa amekwenda zake, wala hakubaki kunichunga. Niliyafukia majani mwenyewe, mbali na maji. Wageni walikula sombe ya majani ya muhogo na maharagwe, wakacheza mpaka kanda za viatu zikakatika.

Basi, mwanangu, kabla hujamwaga kitu, kiwe sumu au neno, shuka kwanza ukawaone wanaokunywa chini yako. Mungu akujalie maji safi, na akujalie mtu wa kukutuma ukatazame kwa macho yako, kama alivyonijalia mimi shangazi yangu, Nyirarukundo.