Sindano Kumi Zenye Uzi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na sita. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo lake hulioni hata ulitafute kwa miwani. Mwaka huo macho yalianza kumtupa mkono. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilipita kwake nikamtungia uzi sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto chake chekundu. Zikiisha kabla ya jioni, kazi ya mkono inalala.

"Nisipoliona tundu la sindano, mimi ni nani?" aliuliza siku moja, akikiambia kitambaa zaidi kuliko mimi.

Majibu yangu huja watu wakishaondoka.

Sukari yake, ambayo daktari alisema ndiyo inayomtia ukungu machoni, ilikataa kushuka. Alijidunga insulini asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja, na daktari alikwisha kuongeza dozi mara tatu. Safari hii, kabla ya kuongeza tena, alitutuma kwa muuguzi, mwanamke mfupi asiye na haraka.

"Mama, hebu nionyeshe unavyojidunga."

"Nikuonyeshe kushika sindano? Mimi nimeishika wewe hujazaliwa!"

"Basi leo nifundishe."

Shangazi akapandisha blauzi, mkono ukaenda wenyewe kushoto kwa kitovu. Muuguzi akamzuia. Akalowesha vidole kwa maji ya sabuni, akavipitisha tumboni polepole, kisha akaviacha hapo. Akanishika mkono nipapase na mimi. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe kama kipande cha mpira, upana wa kifungo cha koti.

"Unachoma hapa tu?"

"Miaka minne. Hapaumi. Halafu, mwanangu, kitambaa kizuri hakitobolewi hovyo. Hariri ukiikosea, tundu halifutiki. Fundi hurudia palepale."

Nilitaka kucheka. Muuguzi hakucheka.

"Hapaumi kwa sababu pamekuwa sugu. Dawa ukiiweka hapo inakwama. Leo inapenya kidogo, kesho haipenyi. Tumbo si hariri, Mama. Tundu la ngozi hujifunga. Na sindano yenyewe, unaitumia mara ngapi?"

"Mpaka igome."

"Gauni la bibi harusi ungelishona kwa sindano butu?"

Shangazi akatazama ukutani. Nimemjua maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona akishindwa hoja ya ushonaji.

Kisha akafungua mkoba, akatoa chaki ya fundi. "Haya, nipimie."

Wakachora pamoja, kama wanaokata blauzi: tumbo sehemu nne, kila sehemu wiki yake, upana wa kidole kati ya tundu na tundu, uvimbe auache upumzike. Sindano mpya kila mara. Dawa ikishaingia, ahesabu hadi kumi ndipo achomoe. Daktari naye, badala ya kuongeza dozi, aliipunguza. "Sasa itafika yote," alisema. "Ikizidi itakuangusha. Pima sukari mara nyingi zaidi, na ukitetemeka au kutoka jasho, kunywa kitu kitamu upesi."

Wiki ya kwanza alilalamika kila siku. "Huku kunauma!" Nami nilijibu, "Kunauma kwa sababu kuko hai, Shangazi," nikashangaa kwamba safari hii jibu limewahi. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia. Namba kwenye daftari lake la sukari zikaanza kushuka, mara nyingine zikipanda kidogo, kisha zikishuka tena.

Asubuhi moja nilifika kwenye kimto nikakuta sindano zangu kumi za jana zimesimama vilevile. Nikadhani hakuweza kabisa kufanya kazi.

"Shangazi, hukushona jana?"

Alikuwa dirishani na gauni mapajani, mkononi sindano ya kumi na moja, yenye uzi mfupi. Hakuinua kichwa.

"Nimeshona mawili. Uzi wako mrefu mno. Fundi mvivu ndiye hutunga mrefu. Nimevumilia tu kwa sababu ya macho."

Nikakaa kitako kando yake. Nilikuwa na nusu saa nzima kabla ya kazi, na mikono isiyo na la kufanya.