Dakika Sita Mbele ya Baba Mkwe

"Daktari, figo ndiyo mbaya. Mbona unapima miguu?"

Halima, mama kutoka Habaswein, aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza ya kazi Garissa. Chuoni nilisomea tiba ya viungo, nikafunzwa namna ya kupima. Kipimo chenyewe nilikishuku: mgonjwa anatembea koridoni kwa dakika sita, kwenda na kurudi, kwa kasi awezayo, nawe unaandika umbali.

Mkuu wa kitengo alinieleza kwa mkato kwamba figo zikifeli, misuli nayo huisha. Kaka yake Halima alikuwa tayari kumpa figo moja. Keshokutwa jopo la madaktari lingeamua kama mwili wa Halima utastahimili upasuaji, na umbali huo ungewaonyesha nguvu aliyobaki nayo.

Halima alitembea kama anayesindikiza jeneza. Niliandika umbali mfupi mno.

"Amedhoofika," mkuu akasema. "Peleka namba hiyo kwa jopo."

"Lakini alishuka kitandani bila kushikwa. Na leo si siku yake ya kusafishwa damu kwa dialisisi, kwa hivyo si uchovu wa mashine."

"Profesa, utabishana hata na saa?" akanikejeli.

Mchana sikwenda kula. Nikamrudia Halima wodini.

"Unataka hii figo au hutaki?"

Alicheka, akaziba mdomo kwa ukingo wa mtandio. "Wallahi nataka! Lakini wewe abaayo, dada yangu, huna bwana, hujui. Yule mzee kwa benchi ya koridoni ni baba ya bwana yangu. Mimi nikimbie mbele yake kama mbuzi?"

Kesho yake tulihamia ua wa wodi ya akina mama, mahali mzee asipoweza kutuona. Nikapima ardhi kwa utepe, nikaweka viti viwili vya kugeukia. Akaenda, jilbabu likipepea. Niliogopa ataanguka, niliogopa zaidi atasimama. Umbali ulikaribia maradufu ya ule wa kwanza.

Mkuu alizitazama namba zote mbili. "Peleka ya pili. Na uwaeleze kwa nini."

Jopo likakubali.

Mkataba wangu uliisha zamani, lakini wasiwasi haujaisha. Ninyi mnaoanza kazi hii, je, mtajua ni nani ameketi karibu na mgonjwa wenu? Ni wangapi waliopimwa kabla ya Halima, wakaitwa dhaifu?

Miaka baadaye nilimtembelea Habaswein, akiishi kwa figo ya kaka yake. Ndipo aliponiambia kwamba mzee alikuja kukaa koridoni siku ile kwa hiari yake: hakutaka mkaza mwana wake atembezwe peke yake mbele ya wageni.