Pikapu Aliyoirudisha Hélder

Urbano Toste alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na sisemi hivi kumsengenya. Mwenyewe angekwambia, tena kwa fahari. Miaka hamsini alikamua ng'ombe hapa Gustine, na katika miaka yote hiyo hakumrudisha ng'ombe hata mmoja kwa mtu aliyemuuzia. Kwetu sisi tuliotoka visiwa vya Azori, kule Ureno, na watoto wetu tuliowazaa huku California, biashara ya ng'ombe ni kupeana mkono. Ukishatoa mkono, ng'ombe ni wako. Akikauka maziwa kesho yake, wako. Akilala asiamke, wako vilevile, na ukienda kulalamika utachekwa kwenye ukumbi wetu wa sherehe mpaka uote mvi. Urbano aliyachukulia maneno yake kama alivyowachukulia ng'ombe. Alichosema, alikuwa amesema.

Kwa hiyo siku ile ya Mei alipoingia kwenye yadi ya magari ya Harjit kule Turlock, mtu anayemjua angedhani uzee umemchanganya. Alikuwa amekuja kununua pikapu ambayo kiwanda kiliinunua tena kutoka kwa mwenye gari wa kwanza kwa sababu ya ubovu. Gari la namna hiyo huku tunaliita limau. Sheria inamtaka muuzaji abandike stika kwenye fremu ya mlango na kumsomea mnunuzi ubovu wote kabla hajatia sahihi, na watu wengi wakiiona tu stika hiyo hugeuza njia. Urbano yeye aliiona pikapu kutoka barabarani wiki iliyotangulia, kijani iliyokolea ambayo si ya kila siku, akakata kona papo hapo hadi wenye magari wakampigia honi na kumtukana.

Alihisi ni pikapu ya mwanawe.

Hélder alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliinunua pikapu hiyo ikiwa mpya kabisa, na abiria wa kwanza alikuwa mama yake, Deolinda. Ilikuwa sikukuu ya Roho Mtakatifu. Mama akapanda na sufuria yake ya supu ya nyama, imetoka jikoni sasa hivi, akaiweka miguuni pake, na zulia jipya likaungua duara zima. Mama alitaka kulia. Hélder alicheka. "Acha, mama," alisema. "Sasa imebarikiwa."

Novemba ya mwaka uliofuata Deolinda alifariki. Hélder wakati huo alikuwa akiishi Gilroy, ng'ambo ya mlima wa Pacheco. Mazishi yalipangwa saa nne asubuhi. Saa nne ikapita, padri akavuta muda kwa sala mbili tatu za ziada, kisha jeneza likashushwa. Hélder alifika watu wanatawanyika, ameshushwa getini na lori la mtu asiyemjua, viatu vimejaa vumbi. Alisema pikapu ilizimika mlimani. Kesho yake gereji ya Los Banos, mji ulio chini ya mlima, ikaitoa, ikisema haijaona kitu, na Urbano akachukua ufunguo mwenyewe akaizungusha shamba zima. Haikukohoa hata mara moja.

Hapo ndipo Firmino, kaka wa marehemu, alipoingiza mdomo wake. Asubuhi ya mazishi alikuwa amepita Los Banos kuchukua maua.

"Mimi nilimwona kijana wako, shemeji," alisema. "Kwenye mgahawa, dirishani. Kikombe cha kahawa mkononi, hana haraka na mtu. Nikajua atanifuata nyuma."

Baada ya misa ya siku ya saba tulikula pamoja ukumbini, na ni pale, watu wote wakiwa mezani, Urbano aliposimama.

"Mwongo wewe," alimwambia mwanawe. "Mama yako anafukiwa, wewe unakunywa kahawa."

"Baba, gari lilizima."

"Gari halina kitu! Nimeliendesha mimi!"

Hélder alikunja kitambaa chake cha mezani, akakiweka kando ya sahani, akatoka. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake na sikusema neno. Hakuna aliyesema.

Kijana huyo aliipeleka pikapu gereji mara saba. Aliandikiana na kiwanda miezi na miezi, mpaka kiwanda kikasalimu amri, kikaichukua na kumrudishia fedha zake. Siku hiyo alimpigia baba yake simu. "Wameichukua, baba. Wamekubali ni mbovu." Urbano alimjibu kwamba mwanamume harudishi kitu alichokipa mkono, akakata simu. Hayo yakawa maneno yao ya mwisho. Hélder alikwenda Idaho kukamua ng'ombe wa watu, na Februari ya mwaka jana lundo la malisho, refu kuliko ghala, liliporomoka likamfunika. Alirudishwa kwa ndege, akazikwa kando ya mama yake. Mara hii Urbano alifika makaburini saa nzima kabla ya wachimbaji.

Tangu siku hiyo jambo moja lilimnyima raha, alikula nalo na kulala nalo. Je, kijana alisema kweli? Mtu pekee wa kumuuliza alikuwa chini ya ardhi. Ilibaki pikapu.

Harjit, mwenye yadi, alikuwa Singasinga mchangamfu mwenye ndevu zilizofungwa vizuri, na hakupenda kumuuzia mzee limau.

"Mzee wangu, njoo uone hii nyeupe," alisema. "Ya mwalimu mstaafu. Kanisani na sokoni, kanisani na sokoni, basi. Hiyo ya kijani waachie wanaopenda shida."

"Fungua mlango wa abiria."

Harjit akafungua. Urbano alishika kiti, akapiga magoti polepole kwenye changarawe, akaingiza kichwa chini ya dashibodi.

"Samahani kwa hilo doa, mzee. Tumelisugua mara tatu halitoki. Lakini zulia jipya nakuwekea bure, hiyo juu yangu."

"Usiliguse!"

Alisema kwa ukali mpaka Harjit akarudi nyuma. Urbano alikuwa ameweka kiganja juu ya lile duara na alikuwa akipitisha kidole pembeni mwake, taratibu, mzunguko mzima. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Akasema wakaandikiane.

Ofisini Harjit alitoa karatasi.

"Hii lazima nikusomee. Ni sheria, si kwamba nakuona hujui kusoma."

"Soma tu, kijana."

"Mwenye gari wa kwanza alilalamika hivi: injini inazima ghafla gari likiwa mwendoni, hasa kwenye mlima. Usukani unakuwa mzito. Likishapoa linawaka kama kawaida na gereji haioni kitu." Harjit aliinua macho. "Lakini kiwanda kimebadilisha pampu ya mafuta na nyaya zake zote. Sasa halizimi, mzee, na una dhamana ya mwaka mzima."

"Lilizima lini?"

"Lini vipi?"

"Siku gani. Tarehe."

Muuzaji mwingine angemwambia hayo hayamhusu. Harjit alikuwa na karatasi za gereji zimebanwa nyuma ya ile ya kwanza, jina la mteja limefutwa kwa wino mweusi. Akazifungua moja moja, akitaja tarehe. Machi. Juni. Septemba. Urbano alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Aliniambia baadaye, na sidhani amewahi kumwambia mtu mwingine, kwamba nusu ya moyo wake ilikuwa ikiomba mwanawe awe amedanganya. Kama alidanganya, basi baba alikuwa na haki, na mtu mwenye haki hupata usingizi.

"Novemba kumi na tisa," Harjit alisema.

"Hiyo. Soma hiyo."

"Limekokotwa kutoka mlima wa Pacheco, limeingia gereji saa mbili asubuhi. Injini imewaka, ubovu haujaonekana. Mteja ameomba gari la kuazima. Anasema..." Harjit akasita, akaisogeza karatasi karibu. "Anasema anamzika mama yake leo. Hakuna gari la kuazima. Ametumia simu ya ofisi mara nne, hakuna anayepokea. Mteja anasubiri kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara."

Simu ya nyumbani kwa Urbano asubuhi ile ililia kwenye nyumba tupu. Ya mkononi alikuwa ameizima, kwa heshima ya kanisa.

"Maskini ya Mungu," Harjit alisema. "Sijui aliwahi?"

"Hakuwahi. Soma tena."

Harjit akasoma tena, kwa sauti ya chini zaidi, na alipomaliza alikuwa ameshaelewa.

"Unamjua mwenye gari, mzee?"

"Mwanangu."

Harjit aliiweka karatasi mezani kwa mikono miwili. "Pole, baba," alisema, kisha akainuka kwenda kuchemsha chai, na Urbano akatia sahihi kila mahali palipowekewa alama bila kuomba apunguziwe bei. Kitu kimoja tu aliomba, karatasi ile ya Novemba aende nayo.

Jumapili yake ilikuwa sikukuu ya Roho Mtakatifu. Baada ya maandamano na misa, ukumbi ulijaa kama kila mwaka, mikate imeloweshwa supu, majani ya mnanaa juu, na kila anayeingia anakula, awe wetu asiwe wetu. Urbano aliegesha mlangoni kabisa. Firmino alikuwa amesimama pale na wenzake, glasi ya divai mkononi, akaiona stika kabla mlango haujafungwa.

"Aaa, shemeji! Njooni muone maajabu! Huyu aliyekuwa hamsalimii mtu aliyerudisha ndama, leo kanunua limau!" Watu wakacheka. "Limekamuliwa vizuri lakini? Au nikuletee sukari?"

Urbano hakucheka na hakukasirika. Alimshika mkono wa koti, akamwingiza ndani mpaka kwenye meza ileile ya misa ya siku ya saba, akamkabidhi karatasi.

"Miwani unayo? Soma. Kwa sauti, kama siku ile ulivyosema kwa sauti."

Firmino alianza kusoma bado anatabasamu, kwa sauti ileile anayotangazia bahati nasibu pale ukumbini. Alipofika kwenye tarehe aliipunguza. Alipofika kwenye gari la kuazima akanyamaza.

"Shemeji..."

"Malizia."

Akamalizia. Hata jikoni walikuwa wameacha vijiko. Firmino alivua miwani.

"Mimi niliona kahawa tu," alisema. "Haki ya Mungu, ningejua ningesimamisha gari. Ningeingia nikamuuliza. Dakika moja tu."

"Hukukosea, Firmino. Kahawa alikuwa anakunywa. Wewe uliona kikombe. Mimi nilimlea, nilimjua, na bado nikaamini kikombe."

Kisha akatugeukia sisi wengine. Sijawahi kumwona mtu mzima akipata taabu namna ile kutoa maneno.

"Hapa hapa nilimwita mwanangu mwongo, mbele yenu. Hakuwa mwongo. Ng'ombe sijarudisha, lakini neno hili nalirudisha. Aliyepaswa kulipokea hayupo, basi lipokeeni ninyi."

Mimi nilitaka kusimama nikaseme kwamba nami nilikaa kimya siku ile, na aibu yake ninayo mpaka leo, kwa maana sikusimama hata safari hii. Ilikuwa mama mmoja wa jikoni aliyemwendea Urbano na kumuuliza kama ameleta chombo.

Alikuwa amekileta. Ilikuwa sufuria ya Deolinda, ile yenye mkono mmoja uliolegea. Wakamjazia supu ya moto. Akaibeba mwenyewe hadi kwenye pikapu, akaishusha taratibu chini mbele ya kiti cha abiria, akaisogeza kidogo kushoto, kidogo mbele, mpaka ikakaa sawasawa juu ya duara.

Kutoka ukumbini hadi makaburini si mbali. Urbano aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akiomba injini izime. Mara moja tu, asikie usukani ukimlemea mikononi kama ulivyomlemea kijana, akae kando ya barabara bila mtu wa kumpigia. Pikapu ilimfikisha bila hata kutikisika. Kiwanda kilikuwa kimeitengeneza kwelikweli.

Aliweka sufuria katikati ya makaburi mawili, kati ya mama na mwana, akavua kofia. Mvuke wa supu ulikuwa bado unatoka.

"Nimechelewa, mwanangu," alisema.

Hakutoa sababu.