Sista Plasta Anasukwa Nywele

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini wodini hakuna aliyelitumia. Wagonjwa walimwita Sista Plasta, madaktari wakaiga, mpaka siku moja mumewe mwenyewe akapiga simu ya wodi na kusema, "Naomba Sista Plasta," kisha akacheka peke yake.

Alikuwa muuguzi wa vidonda. Alitunza vidonda vya kulalia, vya miguu ya wenye kisukari, na wale waliopasuliwa utumbo wakatoka na tundu dogo tumboni, ambalo haja kubwa hupitia na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Wenzake wakipangiwa wodi hiyo walinuna. Yeye alipangiwa miezi mitatu, akakaa miaka kumi na saba. Ukimuuliza kwa nini, alikuambia kidonda hakina unafiki: ukikitunza kinakuonyesha, ukikizembea kinakuumbua.

Asubuhi moja aliletwa msusi, utumbo umejisokota, tumbo limevimba kama ngoma. Hakukuwa na muda wa maswali. Alipozinduka mchana alikuta mfuko upande wa kushoto, chini kidogo ya kitovu. Akavuta shuka mpaka kidevuni na kugeukia ukutani.

Siku tatu hakutaka kuutazama. Sista Plasta alikuja, akasafisha, akabadilisha, akapiga soga za mvua na za majirani zake wakorofi, wala hakumlazimisha. Siku ya nne akamtilia kitambaa mkononi.

"Nishikie hiki, dada. Mikono yangu ni miwili tu."

Ili akishike vizuri, ilibidi msusi atazame. Akaona kitu chekundu, laini, chenye unyevu, kama upande wa ndani wa shavu.

"Kinauma?" aliuliza, utadhani ni cha mtu mwingine.

"Hakiumi. Wewe ndiye unayeumia, chenyewe kimetulia."

Papo hapo kikatoa mlio. Wote wawili wakakitazama.

"Mpangaji mpya huyo," alisema Sista Plasta. "Bado hajafundishwa adabu."

Msusi akacheka. Kicheko kikamchoma kwenye mshono, akashika tumbo, akalia, akacheka tena. Tangu siku ile ikawa ni Mpangaji kaamka vibaya, Mpangaji leo mpole.

Mume wa msusi alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alipoitwa kufundishwa namna ya kubadilisha mfuko, alisimama kando ya kitanda mikono nyuma, akifuata kila hatua.

"Ngozi iwe kavu kabisa kabla ya kubandika," alisisitiza Sista.

"Hilo najua. Kiraka hakishiki penye maji."

Akachukua mkasi, akakata tundu la bandiko, duara safi kuliko la muuguzi yeyote pale wodini.

"Shemeji, unataka kunikosesha kazi," alisema Sista, na yule bwana akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

Wiki sita za kwanza nyumbani zilikwenda vizuri. Msusi aliporudi kazini, mambo yakaharibika. Kila baada ya siku tatu alikuwa kliniki: mfuko umevuja, ngozi imebabuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Sista Plasta alimlaza, akasafisha, akapaka dawa, akabandika upya. Pale kitandani bandiko lilikaa kama limezaliwa naye. Akabadilisha aina ya mfuko, haikusaidia. Akabadilisha tena. Kisha msusi akaacha kuja.

Aliyekuja ni mumewe, peke yake, kofia mkononi, akasimama mlangoni pa chumba cha kufungia vidonda.

"Sista, mwenzangu amefunga saluni. Kulala analala chini, kwenye mkeka. Nikimwambia apande kitandani anasema nitachafuka." Akatazama viganja vyake. "Mimi nashinda na grisi mchana kutwa. Nichafuke na nini?"

Sista Plasta akajifanya anatafuta kitu kabatini ili ampe nafasi ya kujifuta macho.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alikwenda. Saluni ilikuwa chumba kimoja mbele ya nyumba: kioo chenye ufa pembeni, kiti cha plastiki, kigoda, chupa iliyojaa vichana. Kioo kilikuwa na vumbi. Msusi alitoka amevaa gauni pana la kuficha tumbo, akasimama mbali, karibu na dirisha.

"Nimekuja kusukwa," alisema Sista Plasta akifungua kitambaa kichwani.

"Sista, mimi sisuki siku hizi."

"Hiki kichwa unakiona lakini? Kimekuwa kiota cha ndege. Utaniacha nitoke hivi barabarani?"

Mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Kabla hajasema hapana ya pili, vidole vyake vilikuwa vimeshaingia kwenye nywele. Akaketi kwenye kiti, Sista akaketi kwenye kigoda mbele yake, katikati ya magoti. Msusi akamvuta kichwa nyuma, kama alivyomvuta kila mteja kwa miaka ishirini, kikaegemea tumboni. Hapo Sista Plasta akahisi kisogoni mfuko ukibonyea, na bandiko likijikunja na kuanza kufunuka upande mmoja.

Akatulia tuli.

"Dada, wateja wote unawaegemeza hapa?"

"Sasa nitawaegemeza wapi?"

Sista Plasta akajipiga kofi la paja. "Jamani! Wiki zote hizi nakupima umelala chali. Nani anasuka amelala chali?"

Wakabadilisha mfuko kwanza. Sista akamketisha kama anavyoketi kazini, ndipo akaona tumbo likijikunja pale pale penye bandiko. Akaujaza mkunjo kwa dawa nzito ya kuziba inayoganda, ngozi ikawa sawa. Kisha wakaanza kujaribu. Kigoda wakakisukumia kulia. Wakaweka mto mdogo. Msusi akasimama, akachoka mgongo, akaketi tena. Mwishowe wakapata: kichwa cha mteja kiegemee nyonga ya kulia, mto katikati. Zikapita saa mbili. Nywele zilipokwisha, msusi alishika kioo cha mkono lakini hakumpa.

"Sista, kichwa chako kimekuwa hapa muda wote huu. Niambie ukweli. Umesikia harufu?"

"Nimesikia."

Msusi akaganda.

"Ya mafuta ya nywele. Umenipaka mengi mno."

Msusi akaketi, akaweka paji la uso juu ya bega la Sista, wakakaa hivyo mpaka mtu akabisha hodi nje akiuliza kama saluni imefunguliwa. Wiki iliyofuata fundi baiskeli alipita wodini, akachungulia mlangoni, akasema, "Mkeka nimeukunja, Sista. Nimeuweka juu ya kabati." Akaenda zake.

Wengine wangeishia hapo. Sista Plasta hakulala na jambo lile: kama huyu mmoja, je, wangapi? Akaomba kibali hospitalini, akatoa majina kwenye mafaili ya waliopasuliwa, na kwa miezi saba, kila siku yake ya mapumziko, akawafuata walipo. Alifika kwa watu thelathini na mmoja. Wote aliwaomba jambo moja: nionyeshe unavyofanya kazi yako. Mwashi akainama kuchota udongo. Dereva akafunga mkanda wa gari, ukapita juu ya mfuko. Mama mmoja akambeba mwanawe ubavuni, na mguu wa mtoto ukawa unaupiga teke kila hatua. Katika wale thelathini na mmoja, kumi na tisa mfuko ulikaa mahali panapogombana na kazi yao. Wengi wao hawakuwa wa dharura. Walipangiwa tarehe, muda wa kuuliza ulikuwapo. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Akaandika kurasa sita, akazisoma kwenye kikao cha asubuhi cha madaktari. Daktari mkuu wa upasuaji, mtu mwema ila mwenye haraka, alimsikiliza akitazama saa.

"Sista, sisi tunaokoa uhai. Sentimita mbili huku au kule si hoja."

Sista Plasta hakubishana. Akatoa mfuko, nusu umejaa maji ya uvuguvugu.

"Daktari, naomba uvae huu mpaka saa kumi. Nitaubandika pale pale unapopenda kuweka tundu."

Chumba kizima kikacheka. Mbele ya madaktari wadogo, mzee hakuwa na pa kukimbilia; akavaa.

Saa saba haijafika, aliingia chumba cha vidonda, shati limelowa, na suruali mpaka gotini.

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu tu," alisema. Akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa. "Wa kesho ni dereva. Njoo na kalamu yako."

Kuanzia hapo, kila aliyepangiwa upasuaji wa aina ile aliketi kwanza mbele ya Sista Plasta, akainama, akasimama, akafanya kama yuko kazini, ndipo nukta ikawekwa juu ya ngozi yake. Wa dharura bado walimtoa jasho, wengine nukta haikuwahi. Akawafundisha wauguzi wa zamu wasiache hata kama wana dakika tano. Msusi aliunganishwa utumbo mwaka uliofuata. Mpangaji akahama, akaacha kovu.

Jumapili moja Sista Plasta alikuwa nyumbani akisimulia habari za shati la daktari. Watu wakashika mbavu. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, hakucheka. Kwa muda mrefu bibi huyo alikuwa haendi kwenye mikutano ya kina mama, akisema magoti yanamsumbua. Wengine walipotoka nje, akasema akiwa ameangalia kikombe chake:

"Mwanangu, na sisi tunaovuja bila mfuko, mnatuandika wapi?"

Sista Plasta aliweka chini chai yake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu hujaolewa hapa."

Miaka kumi na minne, nyumba moja. Akakumbuka zile nguo zilizokuwa zikianikwa kabla hakujapambazuka, na yeye akisifu usafi wa mama. Amebisha hodi kwa watu thelathini na mmoja, na kwake mwenyewe hajauliza.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mambo ya mkojo anaambiwa mkamwana?"

Sista Plasta akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Mazoezi yapo, na dawa zipo. Lakini nieleze kwanza: ni ukikohoa, au ni ukichelewa kufika chooni?"

Bibi akageuka kuangalia kama mwanawe yuko karibu.

"Funga mlango kwanza," alisema.