Kiu Kabla ya Mizani

Juzi nilikuwa nasukwa saluni moja ya mtaa wa Yeoville. Kwenye benchi walikaa wanaume wawili waliopigana mieleka shule moja huko Lubumbashi, na kati yao binti wa mmoja wao, bado yuko na sare ya shule. Walicheka mpaka wakapigana mapaja.

“Kocha alituvisha plastiki tukimbie juani, tupungue uzito kabla ya pambano!”

“Na kutema mate kwenye kopo, ndugu! Maji marufuku mpaka upande mizani.”

“Yule mwenzetu akazimia, wakambeba kwao.”

“Eish, yule alikuwa laini!”

Laini! Mtu mzima anamnyima mtoto maji, mtoto anaanguka, na miaka yote hii mwenye kosa bado ni mtoto. Kwenye mdahalo chuoni hoja hiyo ingezomewa. Saluni nzima iliichekea.

Binti akafungua chupa yake ya maji. Baba akaipokonya bila hata kumtazama.

“Kesho unapimwa uzito wa mieleka. Vumilia kama baba yako.”

Midomo ya binti ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Nikainuka, nusu ya kichwa haijasukwa, nikaichukua chupa mkononi mwa baba, nikamrudishia binti.

“Kunywa, mdogo wangu.”

“We dada, uliwahi kupigana mieleka?” baba akafoka.

“Hapana, papa. Ila kiu naijua. Na wewe unaijua kunishinda.”

Binti alikunywa yote. Baba aliitazama chupa ikiisha. Akameza mate.