Mlenda Uliofungwa Fundo

Kengele ya ng'ombe wetu ililia mara moja usiku, ikakatika. Utoto wangu naukumbuka kuanzia hapo, kijijini kwetu nje ya Kharumwa, miaka ya sabini. Mama alichungulia mlangoni, akauona mgongo wa mwizi kwenye mbalamwezi, akamtambua. Hakupiga yowe, wala hakumwambia mtu. Ng'ombe alikuwa huyo mmoja, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu, maana kifua cha Mama kilikuwa kimekauka. Mahindi hayajakomaa, tukamzika mtoto.

Baada ya matanga Mama alinishika mkono tukapanda kilimani, kwenye nyasi fupi ambako mlenda wa porini huota. Ni ndugu wa bamia: maua ya manjano, moyo wa zambarau. Huchanua jua likipanda, na kabla ya adhuhuri hufumba. Mama alichuna ganda la shina moja, akalipiga fundo bila kulikata. Kwetu waliamini kwamba mwizi aliyefungwa hivyo huvimba tumbo, mpaka aliyeibiwa alitaje jina lake mbele ya ua lililo wazi.

Kila asubuhi tulikwenda. Ua lilichanua, likafumba. Mama alitazama tu.

Wakati wa mavuno jirani yetu Luhende, baba yake Nshoma, akavimba tumbo. Mkewe alitufuata hukohuko kilimani, akapiga magoti.

"Mama Kabula, dada yangu, litaje jina lake. Mume wangu anakwisha."

"Maziwa yalikuwa matamu?"

"Hata hatukumkamua, dada. Alimuuza mnadani."

Mama akainua macho kulitazama jua. "Maua yamefumba, Mama Nshoma. Njoo kesho."

Kesho yake mwanamke yule alikuja na umande.

"Mbona mapema hivi?" Mama akamwambia. "Hayajachanua."

Siku hizi najua kwamba kichocho cha mabwawa yetu huvimbisha tumbo, na kwamba mlenda hauui mtu. Wanangu nawaeleza hivyo. Lakini kila nikiliona ua lile namwona Mama amesimama mbele yake, uhai wa mtu umo mdomoni mwake, naye anaumeza. Simhukumu. Kaburi la mdogo wangu lilikuwa fupi kuliko mpini wa jembe lililolichimba.

Asubuhi moja kilio kilipanda kutoka kwa akina Nshoma. Ua lilikuwa wazi. Mama alingoja mpaka kilio kikawa cha watu wengi, ndipo akainama, akatamka taratibu, kama anayemwita mtu aje kula:

"Luhende."